Madoa Kwenye Majani ya Masista

Romwaldi Mapunda hakuwahi kusema neno juu ya jani kabla ya kuligeuza. Ukimletea jani la mhindi, la mgomba au la nyanya, alilipindua kwanza, akalielekeza kwenye mwanga, akafumba jicho moja, ndipo akafungua mdomo. "Uso wa jani ni wa kupokea wageni," alizoea kusema. "Mambo ya nyumbani yako mgongoni."

Alijifunza hayo katika chuo cha kilimo, akayafanyia kazi kwa miaka kumi na tisa huko Namtumbo, akiwa bwana shamba wa wakulima wa tumbaku. Alizunguka kwa baiskeli, lenzi ndogo ikining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, na vijiji vingi vilimjua kwa cheo tu. Kisha zikaja zama za soko huria. Ushirika ukalegea, wanunuzi wakaja kila mmoja na mzani wake, na mwaka 1994 Romwaldi akaletewa barua ya kupunguzwa kazini. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mkewe alikwisha kufa, na wanawe waliishi Mbeya. Akarudi kwao Namihoro, kigango kidogo cha wakulima nje ya mji wa Songea, ambako wakati wa mvua ukungu wa milima ya Matogoro hushuka alfajiri na kukaa juu ya mahindi hadi saa nne.

Wazee wa kigango walimpa kazi ya kutunza makaburi. Wengine walicheka kwamba Bwana Shamba amepewa shamba lisilovunwa. Yeye hakucheka. Alifyeka nyasi, alinyoosha misalaba iliyolala, na aliyatunza majani ya masista.

Majani ya masista ndiyo mmea ambao vitabu huuita aivi. Sista mmoja wa zamani aliupanda kwenye ukuta wa mawe unaozunguka makaburi, nao ukaufunika ukuta wote. Haukauki kiangazi. Hupanda jiwe kwa vijizizi vifupi vilivyojipanga kama miguu ya jongoo, na majani yake yenye ncha tano hung'aa kama yamepakwa mafuta. Watu wa Namihoro waliutengenezea desturi ambayo sijaiona mahali pengine. Tarehe mbili Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, mtunza makaburi hukata shada la majani hayo, hulichovya katika ndoo ya maji ya baraka, kisha hupita kaburi hadi kaburi akinyunyiza, katekista akisali mbele yake. Akishanyunyiza, hukata kijiti kimoja cha aivi na kukichomeka kichwani pa kaburi. Kijiti kikishika mizizi, familia husema marehemu amepokea. Kwa hiyo karibu kila kaburi lilikuwa na blanketi lake la kijani, na aliyekosa blanketi alionewa huruma.

Ndoo ilikuwa moja, shada moja, kisu kimoja. Hakuna aliyeona ubaya. Kushiriki ndoo moja kulikuwa ndiko kuwa watu wa kigango kimoja.

Mwaka 1997 mvua zilianza mapema na hazikujua kuacha. Wiki ya pili ya Desemba madoa yakaonekana.

Yalianza kama vitone vya maji visivyokauka. Mtu alipitisha kidole akidhani ni umande, kidole kikatoka kikavu. Baada ya siku chache kitone kiligeuka rangi ya kahawia, kikawa cheusi katikati, na pembeni kikazungukwa na duara la manjano. Jani moja lilikuwa na madoa mawili, jingine saba. Ukisimama langoni asubuhi, ukungu ukiwa chini, kaburi lenye majani hayo lilionekana kama kitu kilicholala huku macho yake mengi yakiwa wazi. Wanawake waliozoea kukata njia katikati ya makaburi kwenda kisimani wakaanza kuzunguka kupitia shamba la mihogo, ndoo kichwani, bila kuelezana sababu.

Kilichowatisha zaidi ni kwamba madoa hayakuenea ovyo kama moto wa nyasi. Yalichagua. Kaburi hili lilishikwa, na la pili yake, na la tatu. La nne likaachwa. La tano likashikwa. Ungesema mtu anapita kila siku ndani ya ukuta ule akigonga milango anayoijua.

Romwaldi alifanya alichoweza. Alikwenda sokoni mjini akanunua unga wa buluu alioambiwa ni dawa ya shaba, ile wanayopuliza wakulima wa kahawa. Zama zile dawa ziliuzwa popote, pembeni ya sabuni na biskuti, na kila muuzaji alikuwa bwana shamba. Unga ulikuwa umefungwa katika karatasi ya daftari. Aliukoroga, akaupuliza makaburi yote yenye madoa, na baada ya wiki mbili madoa yakaongezeka mara dufu. Watu wakasema dawa imewaamsha.

Mwezi Januari akazikwa Anjelika, binti wa Lidwina Komba, mwenye miaka ishirini na sita. Siku tisa baadaye akazikwa mzee mmoja wa ukoo wa Gama. Kaburi la bibi yake Anjelika na la baba wa mzee yule yote mawili yalikuwa na madoa.

Lazima niseme hapa lile ambalo Namihoro haikutaka kulisema. Anjelika alirudi kutoka Dar es Salaam akiwa amekwisha kukonda, na kila aliyemshika mkono alijua anachoumwa. Ugonjwa ule ulikuwa na jina, na jina hilo lilitajwa redioni kila siku. Lakini kulitaja nyumbani kwa mtu ilikuwa aibu, na watu huona nafuu kumwogopa jirani kuliko kuona aibu. Wakalichukua jani, wakaliweka mahali pa neno.

Na lilikuwapo kaburi moja safi. Katikati ya safu ya tatu alilala Pankrasi Nyoni, na aivi yake ilikuwa ya kijani, nene, bila hata kitone kimoja. Mjane wake, Bibi Kunegunda, mwenye umri wa miaka sabini na zaidi, alikuwa amelijengea kaburi lile kibanda cha nyasi chenye nguzo nne. Kila jioni alikuja na kibuyu, akainama chini ya paa, akamwagia maji shina.

Jumapili moja, baada ya ibada, maneno yakatoka nje ya kanisa yakiwa yamekwisha kuiva.

"Limelala katikati ya wagonjwa na lenyewe linang'aa," alisema Lidwina. "Nani hapa hajaliona?"

"Labda marehemu alikuwa mtu safi," alisema mwanamume mmoja nyuma.

"Pankrasi? Aliyekuwa akilala mtaroni amelewa ulanzi?"

Watu wakacheka. Kisha wakakumbuka wanamcheka marehemu, wakaacha.

Katekista Valence, mtu mpole aliyechukia ugomvi kuliko alivyochukia dhambi, akasema, "Mama Anjelika, maneno hayo tusiyasemee mlangoni pa kanisa."

"Basi, Mwalimu, tukayasemee wapi? Tuonyeshe. Mwanangu yuko chini, na kaburi la mama yangu lina macho. Kila nikienda linanitazama mimi, linauliza nani anafuata."

Kabla ya adhuhuri ilikuwa imekubaliwa kwamba Jumamosi ataletwa mnyoaji kwa Bibi Kunegunda.

Kwa asiyejua: mnyoaji ni mganga anayeitwa kuwatoa watu uchawi. Mshukiwa huketishwa hadharani, hunyolewa nywele zote, kisha hunyweshwa dawa. Akipona dawa, husemwa kuwa uchawi umetoka, na anaachwa aishi. Lakini hakuna atakayepokea chumvi yake, wala kumlimia, wala kumtekea maji. Kwa kijana hiyo ni fedheha. Kwa mwanamke wa miaka sabini anayeishi peke yake ni kifo cha polepole, kama dawa yenyewe haikumuua upesi. Paroko alikuwa amekataza jambo hilo mara nyingi, ila paroko alifika Namihoro mara moja kwa mwezi, na barabara ilikuwa imekatika kwa mvua.

Valence alimfuata Romwaldi nyumbani jioni ileile. "Bwana Shamba," alisema, "wewe ndiye mwenye lenzi. Tafuta kitu cha kuwaambia. Una siku sita."

Asubuhi ya Jumatatu ukungu ulikuwa mzito hata misalaba ya safu ya pili haikuonekana kutoka ya kwanza. Romwaldi aliingia na lenzi, wembe, na glasi ya maji safi. Alimkuta Kunegunda ameketi juu ya jiwe, chini ya paa la mumewe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Bwana Shamba. Umekuja kunipima kichwa?"

"Nimekuja kupima majani."

"Pima upesi. Wao Jumamosi wanapima kichwa."

Aligeuza majani ya Pankrasi moja baada ya jingine. Yalikuwa makavu na mazima, mbele na nyuma.

"Bibi, kwa nini ulijenga kibanda hiki?"

"Si unajua alivyokufa? Alilala kwenye mvua, akapata kichomi, siku nne akaondoka. Nikaapa hatalowa tena. Ndiyo maana ulipokuja Novemba na ndoo yako nilikukatalia. Nilikuambia maji hayo wapelekee walio na kiu, huyu yametosha kumuua."

"Nakumbuka. Watu walikasirika."

"Walikasirika. Sasa wamepata pa kuwekea hasira yao."

Romwaldi alikuwa amesikia neno moja tu katika maneno yale yote: maji.

Alikwenda kwenye kaburi la jirani, akachuma jani lenye madoa, akaligeuza, akaliinua. Mwanga wa asubuhi ulipenya katika doa kama unavyopenya katika karatasi yenye mafuta. Kama ingekuwa kuvu, angeona kwa lenzi chembe nyeusi zilizotapakaa katikati ya doa kama pilipili manga. Hakukuwa na chembe. Kikonyo cha jani kilikuwa cheusi na laini, na ubavuni mwa shina palikuwa na kidonda kirefu kilichozama. Akakata kipande chembamba pembeni ya kidonda kile, akakitundika kwa uzi ndani ya glasi, akaishika glasi mbele ya anga, akasogeza lenzi.

Kwa muda hakuona kitu. Kisha, kutoka kwenye jeraha la ule mmea, ukashuka uzi mweupe, mwembamba, ukijikunja polepole kama moshi unaoenda chini badala ya juu.

Namtumbo alikuwa ameuona uzi ule katika tumbaku inayonyauka. Ni bakteria, vijidudu visivyoonekana kimoja kimoja, vikimiminika kwa maelfu. Haviruki wala havitambai. Hubebwa na maji yanayodondoka juu ya majani, na kisu, na mikono. Kwa hiyo chini ya paa la Kunegunda havikufika. Aliyemwagiliwa shinani alipona, walionyunyiziwa juu wakaugua. Kibanda kilichofanya bibi yule ashukiwe ndicho kilichokuwa kinaeleza kila kitu.

Angeweza kuishia hapo. Lakini lilibaki swali la makaburi yaliyorukwa, maana mvua hainyeshei kaburi hili ikaliacha la pili. Romwaldi alirudi langoni, akaanza kutembea kutoka kaburi lenye madoa hadi kaburi lenye madoa, akihesabu kwa sauti ndogo.

La kwanza lilikuwa la katekista wa zamani. Likafuata la mkewe, kisha la watoto pacha, lakini kwa pacha madoa yalikuwa machache na machanga kuliko ya kaburi lililofuata. Alisimama. Akakumbuka kwamba Novemba aliwasahau pacha, akafika kaburi la mbele, mtu akamwita, naye akarudi nyuma.

Ugonjwa nao ulikuwa umerudi nyuma.

Akaendelea, sasa polepole. Mwisho wa safu ya pili makaburi matatu yalikuwa na madoa hafifu. Pale ndipo maji yaliisha, akaletewa maji mapya ya kisimani, akalichovya shada lilelile. Safu ya nne madoa yalipita upande wa kushoto wa makaburi tu, kwa sababu upande wa kulia palikuwa na tope, naye hakutaka kuchafua viatu vya ibada. Safu ya mwisho kaburi moja lilishikwa na moja likaachwa, hadi ukutani. Siku ile mkono ulikuwa umemuuma, akawa ananyunyiza moja na kuruka moja, katekista asione.

Ugonjwa ulichoka mahali alipochoka yeye. Uligeuka alipogeuka. Katika ukungu ule, kati ya majani yenye macho, Romwaldi Mapunda alijiona mwenyewe akitembea mbele yake na ndoo mkononi, kama mtu aliyekwisha kufa anayerudia kazi yake. Aliniambia kwamba alitaka kuita jina lake, akaogopa kuitikiwa.

Mwanzo wa safari ile ulikuwa langoni. Palikuwa na aivi ya kigeni, yenye kingo nyeupe, aliyoinunua mwezi Oktoba kwa muuza maua kando ya barabara mjini. Alipoinunua aliigeuza majani yake, kama kawaida, na akaona vitone viwili. Akajiambia ni jua limeunguza. Aliupenda ule mmea. Na siku ya marehemu, ili shada lipendeze, ndio alioanza kuukata.

Siku ya Alhamisi alimweleza Valence yote. Katekista alisikiliza huku akikunja na kukunjua kofia yake.

"Sema ni mvua," alisema mwishowe. "Inatosha. Mvua haina ndugu wa kuudhika."

"Wataniuliza mbona iliruka makaburi."

"Sema hujui."

"Najua, Mwalimu. Mvua haikuruka. Mimi niliruka."

"Romwaldi, unawajua watu hawa. Ukisema ni mkono wako, hawatasikia kingine."

"Na nisiposema, Bibi Kunegunda atakunywa dawa ya yule mtu. Atafika Jumatatu?"

Valence akaitazama kofia yake.

Jumamosi ilikuwa ya manyunyu. Watu walikusanyika nje ya ukuta, mchana kweupe, wamejifunika mifuko ya mbolea. Mnyoaji alikuwa mtu mdogo mwenye shati safi lililopigwa pasi, na wembe mpya bado katika karatasi yake. Hakuwa akisema kitu. Kunegunda alikuwa amekwisha kuketishwa kwenye kigoda, kichwa kimeloweshwa, na maji yalimshuka usoni bila yeye kuyafuta.

Romwaldi alipita katikati ya watu na glasi yake. Akaomba asikilizwe kabla ya wembe. Akaeleza maji, akaeleza kibanda, akakata shina lenye kidonda mbele yao, akalitundika ndani ya glasi, akampa Lidwina lenzi.

Lidwina aliangalia muda mrefu. "Kuna moshi unatoka," alisema.

"Ndio ugonjwa huo, Mama Anjelika. Ni ugonjwa wa majani. Haumwingii mtu, wala haukumuua Anjelika."

"Na nani aliuleta?"

Akawaambia. Akataja mmea wa langoni na vitone alivyoviona akavinyamazia. Akataja makaburi kwa zamu yake: hapa nilianza, hapa nilisahau, hapa niliitwa nikarudi, hapa maji yaliisha, hapa nilichoka nikawaibia. Kadiri alivyotaja, watu walikumbuka, maana walikuwapo, na kila mmoja aligeuka kulitazama kaburi lake.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema Lidwina.

"Ni mkono wangu. Kosa ni langu. Lakini si uchawi, ni uzembe."

Hapo mnyoaji akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. Sauti yake ilikuwa ya upole. "Wapo wasiojijua," alisema. "Anatembea, anagusa, watu wanakufa nyuma yake, na yeye mwenyewe anashangaa. Hao ndio wagumu."

Romwaldi aliona nyuso zikigeuka. Hazikugeuka kwa hasira. Ziligeuka taratibu, zote kwa pamoja, kama majani yanavyofuata mwanga. Nyuma yake Valence alimvuta shati akinong'ona, "Sema mvua. Bado kuna nafasi. Sema mvua."

Alimwendea Kunegunda, akamshika kiwiko, akamwinua. "Nenda nyumbani, Bibi, utapata baridi." Kisha akakaa yeye kwenye kigoda.

"Nywele chukueni," alisema. "Hiyo dawa yenu sinywi. Mwaka huu dawa za sokoni zimenitosha."

Mtu mmoja alitaka kucheka, akashindwa. Mnyoaji hakugombana. Alimnyoa polepole, kwa ustadi, kuanzia utosini hadi nyusi, na dawa akammwagia kichwani. Kunegunda alikwenda zake akishika ukuta kwa mkono mmoja, na hakuna aliyemzuia, kwa kuwa hakuna tena aliyemtazama.

Wapo wasomi walioniambia kwamba Romwaldi alikosea, kwamba kwa kukaa kwenye kigoda kile aliupa upumbavu heshima. Nimelifikiria hilo. Jibu langu ni kwamba mtu hupimwa kwa deni lililo lake. Deni lake lilikuwa la langoni, siku alipoona doa akaliita jua kwa sababu alikipenda alichokinunua, na deni hilo alililipa lote, mbele za watu, bila kuligawa kwa mvua. La uchawi halikuwa lake. Waliomtwika watalijibu wenyewe, na watu wa aina ya Valence watajibu zaidi, kwa kuwa wao walijua.

Baada ya hapo alitibu makaburi. Aling'oa mmea wa langoni, akauchoma. Kila mchana ambao jua lilitoka na majani yakakauka, aliingia na gunia, akachuma kila jani lenye doa, akakata mashina shubiri moja chini ya kila kidonda, na baada ya kila mmea alipitisha kisu motoni. Alitandaza nyasi kavu chini ili matone yasirushe udongo. Alipunguza matawi yaliyobanana, upepo upite. Hakupuliza kitu, na asubuhi yenye umande hakugusa kitu. Alifanya hivyo Februari, Machi na Aprili, peke yake, kichwa chake tu kikionekana juu ya ukuta, na wapita njia walishika upande wa mihogo.

Kufikia Juni majani mapya yalikuwa yametoka, mazima, yanang'aa. Namihoro ikashukuru. Ilimshukuru mnyoaji.

Novemba iliyofuata kila familia ilikuja na kikombe chake cha maji, kijiti chake na kisu chake kutoka nyumbani, wasije wakashika alichoshika yeye. Romwaldi alisimama nje ya ukuta akiangalia vile vikombe. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni aliyotaka kuwaomba waifuate. Sasa waliifuata kuliko agizo lolote la bwana shamba, na madoa hayakurudi tena.

Watu walipotawanyika alimkuta Kunegunda akifunga upya nyasi za paa. Akamsalimia. Bibi yule aliitikia, na kwa muda akaendelea kufunga.

"Mimi najua si wewe," alisema. "Sikuona moshi wa glasi, macho yangu hayafiki. Lakini nilikaa kwenye kigoda kile kabla yako, najua kilivyo."

"Asante, Bibi."

"Ngoja, sijamaliza." Alikaza fundo kwa meno, akalijaribu kwa kidole. "Ukiwa na kazi safu hii, kwa Pankrasi usifike. Pitia ng'ambo. Si kwamba naamini. Ila yeye yuko peke yake huku, na mimi usiku silali."

Romwaldi alisema sawa. Alikaa Namihoro miaka mitatu zaidi, hadi alipokwenda kuishi kwa mwanawe Mbeya, na kwa muda wote huo, alipofika safu ya tatu, alizunguka.